Kusafisha na Kung'arisha Mafuvu ya Wanyama kwa Ajili ya Kuyaweka Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa vichwa vya mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe, ambavyo mtu yeyote katika Afrika Mashariki anaweza kuvipata kihalali machinjioni. Wengi huanza kwa kuulizia dawa ya kung'arisha, ilhali weupe ndiyo hatua ya mwisho na ndiyo nyepesi kuliko zote. Fuvu linaloanza kuwa la manjano na kunata vumbi baada ya miezi michache ukutani kwa kawaida halikukosa dawa, bali liliachwa na mafuta ndani ya mfupa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya maji, sabuni na subira.

Nipate wapi kichwa kinachofaa?

Machinjioni, au kwa mwuza nyama unayefahamiana naye. Jijini Dar es Salaam watu huenda Vingunguti, na Nairobi mbuzi wengi huchinjwa Kiamaiko. Jambo la msingi ni kuagiza kabla mnyama hajachinjwa, kwa sababu kichwa kilichokwisha kuandaliwa kwa ajili ya supu huwa kimepitia mambo mawili yanayoliharibu fuvu. La kwanza ni kubabuliwa motoni ili manyoya yatoke: moto huunguza pembe na kupasua mifupa myembamba ya pua. La pili ni kupasuliwa kwa shoka ili ubongo utolewe. Mwambie mchinjaji waziwazi kwamba unataka kichwa kizima, kisichobabuliwa wala kupasuliwa, na uwe tayari kulipa zaidi kidogo, maana unamkosesha ubongo wa kuuza.

Chagua mnyama mzima. Mifupa ya fuvu la ndama au mwanambuzi haijashikana sawasawa, na ikishalowekwa huachana vipande vipande. Mbuzi mwenye meno manane makubwa mbele ya taya la chini amekwisha kukomaa, kwa kawaida akiwa na umri wa miaka minne hivi. Kwa ng'ombe, uliza pia alivyochinjwa. Aliyezimishwa kwanza kwa bastola ya machinjioni hubaki na tundu katikati ya paji la uso, na aliyechinjwa kwa kisu peke yake fuvu lake huwa halina jeraha.

Je, ninaweza kuchukua fuvu la mnyamapori nililoliokota porini?

Hapana, isipokuwa una kibali cha maandishi. Watu wengi hudhani kwamba mnyama aliyekufa mwenyewe na kuliwa na fisi hana mwenyewe tena, na dhana hiyo imewafikisha baadhi yao mahakamani. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu mfupa, pembe, jino, ngozi na kwato za mnyamapori kuwa nyara, na kuwa na nyara ya Serikali bila kibali ni kosa, hata kama hukumuua mnyama huyo. Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inakataza kumiliki nyara bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kuondoa hata kipande cha mfupa.

Ufukweni hali ni hiyohiyo. Kasa wa aina zote wanalindwa, na hivyo hivyo nguva na pomboo, kwa hiyo fuvu lililotupwa na mawimbi liache pale lilipo, au toa taarifa kwa maofisa uvuvi. Kuvuka mpaka na fuvu la mnyama aliyeorodheshwa katika CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, bila hati ni kosa jingine linalojitegemea. Mbuzi wa Kiamaiko hana matatizo hayo, nami naona fuvu lake, likiwa limesafishwa vizuri, lina umbo la kupendeza sawasawa na la swala.

Kuna hatari gani za kiafya?

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote ni kimeta. Bakteria wake hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kuishi ardhini kwa miongo mingi, na hazifi kwa kulowekwa katika maji wala kwa sabuni. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na katika maeneo ya wafugaji ya kaskazini mwa Tanzania ugonjwa huu hujitokeza mara kwa mara. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akiwa anavuja damu isiyoganda puani au kwenye njia ya haja, asiguswe kabisa. Aitwe mganga wa mifugo. Sheria yangu ni kwamba kichwa cha mnyama asiyejulikana amekufa kwa nini hakiingii nyumbani, hata kiwe kizuri kiasi gani.

Kichwa cha mbwa au paka kina hatari nyingine, yaani kichaa cha mbwa, kwa kuwa virusi vyake hukaa kwenye ubongo na mate. Hata kwa mnyama aliyepimwa machinjioni, vaa glavu za mpira, usiguse macho wala mdomo unapofanya kazi, funika majeraha ya mikononi, na usitumie visu, sufuria wala ndoo ambazo zitarudi jikoni.

Kichwa kikishafika nyumbani nianze na nini?

Kichune siku hiyohiyo. Anza na mpasuo mmoja kutoka kisogoni hadi puani, kisha uiachanishe ngozi na mfupa taratibu ukizunguka pembe, macho na midomo. Toa macho, ulimi na minofu mikubwa ya mashavu, halafu litenganishe taya la chini. Usijaribu kukwangua kila kipande cha nyama kwa ncha ya kisu, kwa sababu alama za kisu kwenye mfupa hazifutiki, na nyama iliyobaki itatoka yenyewe ndani ya maji bila wewe kuisumbua.

Ubongo utolewe mapema, kwani ukiachwa hukawiza kazi yote. Kisogoni pana tundu kubwa ambamo uti wa mgongo hupita. Ingiza waya uliokunjwa ncha, uukoroge ubongo, kisha sukuma maji ndani kwa bomba la sindano kubwa hadi yatoke meupe. Zile karatasi za mfupa zilizojikunja ndani ya pua ziache kabisa. Ni nyembamba mno kiasi cha kupitisha mwanga, na watu wengi huzivunja kwa kudhani ni uchafu uliokauka.

Usipake chumvi. Chumvi huhifadhi nyama, na wewe unataka ioze.

Njia ipi ni bora ya kuondoa nyama iliyobaki?

Kwa anayeanza, kuozesha ndani ya maji. Kichwa huzamishwa katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maji yakakifunika kabisa, kisha bakteria waliomo kwenye nyama yenyewe hufanya kazi yote bila moto na bila kemikali. Mfupa haudhuriki hata kidogo, na ndiyo maana njia hii ya kale bado inatumika katika maabara na majumba ya makumbusho.

Jambo linaloamua ni joto. Bakteria hawa hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 30 na 37. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hali ya hewa yenyewe inatosha, na fuvu la mbuzi huweza kuwa tayari baada ya wiki tatu hadi tano. Kule Njombe, Mbeya au Limuru, kazi hiyohiyo huchukua miezi, isipokuwa utumie ndoo nyeusi na kuiweka mahali penye jua la mchana. Kichwa cha ng'ombe kipe angalau miezi miwili hata pwani.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Siku chache baada ya kuloweka, maji hugeuka mekundu kwa damu; hayo ya kwanza yamwage yote. Baada ya hapo badilisha nusu tu kila wiki, ili bakteria waliokwisha kuzaliana wabaki. Usitie sabuni katika hatua hii, wala dawa yoyote ya kuua vijidudu, hata harufu ikikushawishi. Kazi imekamilika pale kano za kwenye kiungio cha taya zinapotoka kwa kuvutwa na vidole viwili, na mfupa ukiguswa hauna utelezi.

Siku ya kumwaga maji ya mwisho, yapitishe kwenye chujio au kipande cha chandarua kuukuu. Chini ya ndoo kutakuwa na tope la kijivu, na ndani ya tope hilo yamo meno ya mbele na vipande vidogo vya ncha ya pua. Lipekue kwa vidole kabla ya kulitupa.

Harufu yake ni kali kiasi gani, na maji hayo niyamwage wapi?

Ni kali sana, nami singependa mtu yeyote aanze akitarajia vinginevyo. Katika nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja, kazi hii haiwezekani bila ridhaa ya majirani wote. Tafuta shamba, au mwombe ndugu mwenye kiwanja nje ya mji. Mfuniko unaobana husaidia, ila uache tundu dogo la kutolea hewa na ulizibe kwa chandarua. Chandarua hicho si cha hiari. Mbu wa mitaroni hupenda kutaga katika maji machafu ya namna hii, na ndoo moja iliyo wazi inaweza kuwa adha kwa mtaa mzima.

Maji yamwage kwenye choo cha shimo, au chimba shimo mbali na kisima na bustani ya mboga, uyamwage na kufukia. Usiyaelekeze kwenye mtaro wa barabarani.

Kwa nini nisichemshe tu, kama tunavyochemsha kichwa kwa ajili ya supu?

Kwa sababu ladha ya supu hiyo inatokana na kitu kilekile ambacho fuvu linakihitaji. Takriban theluthi moja ya uzito wa mfupa mkavu ni protini, hasa kolajeni, na sehemu iliyobaki ni madini ya chokaa na fosfeti. Maji yanayochemka huigeuza kolajeni kuwa jelatini, ambayo huingia kwenye mchuzi na kuuacha mfupa ukiwa dhaifu. Papo hapo mafuta yaliyoyeyuka husambaa na kupenya kwenye vishimo vidogo vya mfupa ambako yatakuwa magumu kutolewa. Meno nayo hupasuka nyufa yanapopata joto la ghafla, na mishono ya pua, yaani mistari ambapo mifupa yake imeungana, huachia.

Ikiwa huna namna ya kuozesha, pasha moto wa chini sana. Maji yawe na mvuke bila kutokota, uongeze sabuni kidogo ya vyombo, na ukitoe kichwa mara nyama inapolainika. Usikiache jikoni ukaenda sokoni.

Wapo pia wanaouliza kama fuvu la kichwa kilicholiwa tayari linafaa. Linafaa kwa kujifunzia. Lianzie moja kwa moja kwenye hatua ya kuondoa mafuta, na ulishike kwa uangalifu, maana mifupa yake ya pua inaweza kumomonyoka mkononi.

Vipi kuhusu kufukia ardhini, siafu, au wale mbawakawa wanaotumiwa na makumbusho?

Kufukia kunawezekana lakini huchukua miezi mingi, pengine mwaka, na udongo huacha rangi yake. Udongo mwekundu una madini ya chuma, na doa lake la kutu halikubali dawa yoyote ya kung'arisha. Ukilazimika kufukia, chagua mchanga, lifunge fuvu kwa wavu wa waya ili mbwa wasilifukue, na uweke alama.

Siafu hula nyama kwa kasi ya ajabu, lakini huja na kuondoka watakavyo, na huacha kano na gegedu. Sijaona sababu ya kuwategemea.

Mbawakawa ni habari nyingine. Anayetumiwa zaidi na majumba makubwa ya makumbusho ni Dermestes maculatus, na wasomaji wa kando ya Ziwa Victoria wanamfahamu bila kujua jina lake: ndiye yule mdudu mweusi mdogo anayeharibu samaki wakavu ghalani, pamoja na mabuu yake yenye manyoya. Mabuu hayo hula nyama iliyokaushwa hadi kwenye nyufa ambazo hakuna brashi inayofika, bila kugusa mfupa, na ndiyo njia iliyo bora kuliko zote kwa mafuvu madogo ya panya, popo na ndege. Hata hivyo, nawasihi wanaoishi karibu na wauza dagaa au maghala ya ngozi wasiwafuge. Wakitoroka, hasara itamfika mtu mwingine ambaye riziki yake iko kwenye gunia.

Pembe huondolewaje, na je, nizing'arishe pia?

Pembe ya mbuzi, kondoo au ng'ombe ina sehemu mbili. Nje kuna ala ngumu ya keratini, ambayo ni jamii moja na kucha zetu, na ndani kuna kiini cha mfupa kilichoota kutoka kwenye fuvu. Kati yake pana utando wenye damu, na utando huo ukioza ala huachia. Loweka kwa wiki moja au mbili, kisha shika pembe karibu na shina na uizungushe kidogo huku ukivuta. Ikigoma, irudishe majini. Ukiigonga kwa nyundo utavunja kiini.

Ala zikishatoka zisirudi tena ndani ya ndoo. Zisugue kwa maji ya sabuni, zikaushe kivulini, na uziweke mbali na dawa ya kung'arisha, ambayo huzifanya zififie na kuwa kavu. Mafuta ya nazi kidogo kwenye kitambaa yanatosha kuzirudishia mng'ao. Zirudishwe kwenye viini vyake mwisho kabisa, baada ya fuvu kukauka, kwa gundi kidogo. Weka alama ya kulia na kushoto mapema.

Nyama imekwisha yote. Nitajuaje kama bado kuna mafuta?

Chukulia kwamba yapo. Mfupa wenye mafuta una mabaka ya manjano au ya kahawia hafifu, na ukiuelekeza kwenye mwanga mabaka hayo yanaonekana kama karatasi iliyodondokewa na mafuta ya kupikia. Mara nyingi yako nyuma ya macho, kwenye kisogo, karibu na masikio, na katika pembe ya nyuma ya taya la chini. Nguruwe ndiye mgumu kuliko wote. Ng'ombe aliyenenepa anamfuatia. Mbuzi wa machungani ana mafuta machache, na hii ni sababu nyingine ya kuanza naye.

Zamisha fuvu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kipimo cha vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kila lita tano. Joto la nyuzi 40 hivi linatosha, na ndoo nyeusi juani hulifikia bila kuni wala umeme. Kila baada ya siku tatu au nne, angalia juu ya maji. Ukiona utando unaong'aa, au vibonge vyeupe laini vilivyoshikamana na ukingo wa ndoo, hayo ndiyo mafuta yanayotoka. Mwaga, osha ndoo, weka maji mapya na sabuni mpya. Endelea hivyo hadi maji yakae wiki nzima bila kubadilika. Kwa mbuzi huenda ikawa wiki tatu, kwa nguruwe miezi mitatu au zaidi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kukimbilia dawa, nami nawaomba wasifanye hivyo, kwa sababu mafuta yaliyozibiwa ndani chini ya weupe wa juu yatarudi kujitokeza.

Ili kuhakikisha, likaushe fuvu kivulini kwa wiki moja, kisha uliweke juu ya karatasi nyeupe mahali penye joto kwa siku kadhaa. Karatasi ikipata doa la mafuta, rudi kwenye ndoo.

Mafuta yaliyogoma kabisa yanaweza kutolewa kwa asetoni, ile inayotumika kuondolea rangi ya kucha ikiwa safi bila manukato. Mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno, kwa hiyo ifanywe nje, katika chombo cha kioo chenye mfuniko, mbali na jiko la mkaa, sigara na jenereta. Petroli isitumike kamwe.

Je, naweza kung'arisha kwa Jik?

Usitumie Jik wala dawa nyingine yoyote ya kung'arishia nguo yenye klorini, hata iliyochanganywa na maji mengi. Fuvu litakuwa jeupe ndani ya saa moja na utafurahi. Lakini klorini hula kolajeni inayoshikilia madini ya mfupa, na huendelea kula hata baada ya kusuuzwa, kwa kuwa imekwisha kuingia kwenye vishimo. Baada ya miezi kadhaa uso wa mfupa huanza kutoa unga kama chaki, meno hupoteza mng'ao wake, na mifupa ya pua hubanduka kwa magamba. Uharibifu huo hauna dawa.

Basi nitumie nini, na kwa kipimo gani?

Tumia haidrojeni peroksaidi. Madukani mwa dawa huuzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 3, kwa ajili ya vidonda, na kiwango hicho kinafaa kwa mafuvu yote. Mimina kwenye chombo cha plastiki hadi fuvu lizame, funika bila kubana, weka gizani, na ukague kila siku. Fuvu la mbuzi huhitaji siku moja hadi tatu. Mapovu mengi mwanzoni ni ishara kwamba bado kuna mabaki ya nyama au damu yanayounguzwa. Mapovu yakitulia na rangi ikakuridhisha, litoe, ulisuuze kwa maji safi, ulikaushe kivulini kwa siku kadhaa.

Mambo matatu yazingatiwe bila kupuuzwa. Chombo kisiwe cha chuma wala shaba, kwa sababu metali huivunja dawa haraka. Mfuniko usibanwe, maana dawa hii hutoa oksijeni, na gesi ikikosa pa kutokea itakipasua chombo. Tena, dawa hii ikichanganywa na asetoni inaweza kuzalisha kemikali inayolipuka. Kwa hiyo fuvu lililotolewa mafuta kwa asetoni lipunge hewa siku kadhaa hadi likauke kabisa, na mabaki ya vimiminika hivyo viwili yasimwagwe katika chombo kimoja.

Kwa fuvu kubwa la ng'ombe, kununua lita nyingi za dawa ni gharama. Hapo saluni husaidia. Ile krimu nyeupe inayochanganywa na rangi ya nywele ni peroksaidi hiyohiyo: iliyoandikwa 20 ina asilimia 6, iliyoandikwa 30 ina asilimia 9, na iliyoandikwa 40 ina asilimia 12. Vaa glavu na miwani, paka krimu ya 20 kwa brashi kwenye mfupa uliolowa maji, ukikwepa pembe, funika kwa nailoni ili isikauke, acha kwa saa kadhaa, kisha osha vizuri. Rudia siku inayofuata badala ya kupandisha nguvu. Dawa ya viwandani yenye asilimia 35 huunguza ngozi papo hapo na haina nafasi katika kazi ya nyumbani.

Peroksaidi iliyokaa dukani muda mrefu hugeuka kuwa maji matupu. Dondoshea kidogo kwenye kipande cha kiazi mviringo kibichi. Isipotoa mapovu, imekufa, na usilaumu fuvu lako.

Weupe wa karatasi usiutafute. Mfupa wenye afya una weupe wa maziwa, na ukizidisha unapoteza mishono midogo na vivuli vinavyolipa fuvu sura yake.

Jua peke yake haliwezi kung'arisha?

Linaweza, kwa muda na kwa gharama. Mwaka 1978 mtafiti Anna Behrensmeyer alichapisha uchunguzi wake wa mifupa iliyolala wazi katika bonde la Amboseli, Kenya, na akaigawa hali ya kuchakaa katika hatua sita, kuanzia 0, mfupa ukiwa bado mzima na wenye mafuta, hadi 5, unapomeguka vipande. Dalili ya kwanza ya kuchakaa ni nyufa nyembamba zinazofuata urefu wa mfupa, na ndizo utakazoziona kwenye fuvu lililoachwa juu ya paa likipigwa na jua la mchana na baridi ya usiku. Anika kivulini penye upepo.

Meno yametoka. Je, yanarudi?

Yanarudi, mradi uliyahifadhi. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana meno 32, na taya la juu halina meno ya mbele kabisa, hivyo usitafute yasiyokuwepo. Magego huingia kila moja kwenye tundu lake tu. Yale manane ya mbele ndiyo yanayochanganya. Yapange kwa ukubwa, makubwa mawili yakae katikati. Gandisha kwa gundi nyeupe ya maji, ambayo inaweza kulainishwa baadaye ukigundua ulikosea. Pande mbili za taya la chini nazo zikiachana, ziunganishe kwa gundi hiyohiyo na uzifunge kwa mpira hadi zikauke.

Nipake vanishi?

Si lazima. Vanishi ya mbao hugeuka manjano na kuutia mfupa mng'ao wa plastiki. Kama mfupa unamomonyoka, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji.

Majirani wanaweza kudhani ni ushirikina. Nifanye nini?

Swali hili ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Katika jamii zetu fuvu ukutani linaweza kuleta hofu ya kweli, na nchini Tanzania Sheria ya Uchawi, iliyotungwa wakati wa ukoloni mwaka 1928, inakataza kumiliki vifaa vya uchawi. Fanya kazi yako mchana, waeleze majirani kabla hawajauliza, hifadhi risiti ya machinjioni, na uliweke fuvu sebuleni pamoja na kibandiko chenye jina la mnyama, mahali alipotoka na tarehe. Fuvu lenye maelezo yake huwa kitu cha kujifunzia, na watoto wa jirani ndio huwa wa kwanza kuja kuhesabu meno. Kama mwenzi wako au wazazi unaoishi nao wanakataa, heshimu uamuzi wao. Shule nyingi za sekondari zingelipokea kwa furaha katika maabara ya baiolojia.

Nina fuvu la ng'ombe wa Ankole. Linatundikwaje?

Pembe za ng'ombe huyu ni nzito kiasi kwamba uzito wote huvuta mbele. Usitundike kwa msumari uliopigwa chini ya paji la uso. Pitisha waya mnene kupitia tundu la kisogoni, uufunge kwenye ubao imara, kisha ubao huo ndio ufungwe kwenye ukuta wa tofali kwa skrubu mbili.

Baada ya muda vijibomba vya udongo vimejitokeza kwenye pembe. Ni nini?

Ni kazi ya nondo wa pembe, Ceratophaga vastella, ambaye ni wa Afrika na ambaye mabuu yake hula keratini ya pembe za wanyama waliokufa. Vijibomba hivyo, ambavyo buu hujijengea kwa hariri na mabaki ya alichokula, mara nyingi huonekana kwenye pembe zilizolala mbugani, na pembe iliyowekwa ndani kabla haijakauka vizuri inaweza kuja navyo. Chomoa ala, zivunje bomba zote, zifunge ala ndani ya mfuko wa nailoni na uziweke kwenye friza kwa wiki mbili. Zikitoka, ziache zirudi kwenye joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa, ili zisipate unyevu, kisha zikague tena baada ya mwezi. Matundu yaliyobaki hayadhuru kitu na yanaweza kuzibwa kwa nta ya nyuki.